Matanga ya Raya

Msiulize mji huu uko wapi, maana hata wanaoishi humo hawapatani. Wengine husema uko ng'ambo ya mto, wengine husema ng'ambo ni huku tulipo sisi, na ubishi huo umewala watu umri wao wote. Linalojulikana ni kwamba jua la mji ule lilikuwa limegota kwenye alasiri na halikutaka kuzama. Watu walilala walipochoka na kuamka walipochoka kulala, na mtu akitaka kujua ana miaka mingapi aliwauliza majirani, nao wakampa umri waliouona unamfaa. Ndani ya alasiri hiyo moja isiyokwisha aliishi mwanamke aitwaye Sebtuu. Sebtuu alitaka kitu kimoja tu duniani: alitaka watu wamlilie mdogo wake.

Ni haja ndogo, utasema, wafu wote huliliwa. Lakini mji ule ulikuwa na sheria yake, na kwa kuwa haikuandikwa popote, hakuna aliyeweza kuifuta. Mkeka wa matanga hautandikwi mpaka mwili uonekane. Uoshwe, ushikwe, ijulikane kuwa ndio wenyewe. Asiye na mwili hajafa, amechelewa tu. Raya, mdogo wake Sebtuu, alichukuliwa na mto ulipofurika, naye alikuwa hajatimiza miaka kumi na saba, na mto haukumrudisha. Kwa hiyo Raya alihesabiwa kuwa amechelewa. Mama yao alimwekea chakula na kukifunika kawa, kila mlo, mpaka mama mwenyewe akafa. Yeye alionekana, akaoshwa, akaliliwa vizuri na mji mzima. Sebtuu akakaa kwenye mkeka ule akilia kilio cha watu wawili huku akipewa pole ya mmoja.

Sheria, hata hivyo, ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa vitabu. Akifa mtu kitabuni, msomaji aliyefika ukurasa huo alitoka na mkeka wake, akautandika kizingitini, akaketi. Hakuna aliyedai mwili, kwa sababu mwili wa mtu wa kitabuni ni maneno, na maneno wameyaona kwa macho yao. Jirani aliyekuwa nyuma kurasa chache alipita mbio akiziba masikio asije akaambiwa ni nani. Aliyekwishafika alivua viatu akaungana nao. Wakanywa kahawa chungu, wakabishana kama marehemu alistahili, wakasikitika. Kulikuwa na majira ambapo mtaa mzima ulimkalia matanga mzee mmoja mchoyo wa riwayani, mtu ambaye angekuwa hai wasingemsalimia. Wakampikia na wali.

Sebtuu aliliona tundu hilo akaingia mzimamzima. Alikaa chini kuandika kitabu, na alipoinua kichwa nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alimtia Raya humo kwa jina lake. Akampa sauti laini, akampa huruma kwa paka na kwa vikongwe, akampa mchumba mpole, ili msomaji ampende na asiweze kujizuia. Kisha, karibu na mwisho, akampeleka mtoni. Ukurasa ule aliuandika kwa kikao kimoja, akauacha ulivyo. Alipoweka kalamu chini alijisikia mwepesi, na akaanza kupiga hesabu ya kahawa itakayohitajika mtaani.

Ni hapo alipogundua kwamba, wakati yeye ameinamia karatasi, dunia ya vitabu ilikuwa imehama.

"Karatasi hatushiki tena, Bi Sebtuu," alisema Bwana Farhani, mchapishaji, mtu mrefu aliyezoea kuinama kwenye mashine na sasa hakuwa na cha kuinamia. Mashine zake zilikuwa zimefunikwa shuka. Zile herufi za chuma alizopangia vitabu vya mji mzima alikuwa anazitumia kuzuia mlango usijifunge. "Vitabu vyote vimepanda Winguni. Nipe chako nikipandishe, kitasomwa kabla hujafika nyumbani."

Na kweli. Kila mtu mjini alikuwa na kioo chake, kipana kama kiganja, na kutoka Winguni kitabu kilishuka kwenye kioo upendapo na upendavyo. Tusiwe wachoyo wa haki: jambo hilo lilikuwa na raha yake. Mchwa walikosa riziki. Vipofu walisomewa. Aliyekaa mashambani, ambako kitabu kilikuwa kinafika kimeshachanika jalada, sasa alikipata wakati mmoja na wa mjini. Sebtuu mwenyewe alifurahi. Alirudi nyumbani, akakaa dirishani, akangoja mikeka.

Ni adabu ya mji ule kwamba mwandishi akishatoa kitabu hakifungui tena, huwaachia wasomaji. Basi Sebtuu hakukifungua. Alitazama tu vizingiti. Alitazama mpaka akavijua nyufa zake. Watu walipita na vioo mkononi, na kwenye vioo aliliona jina lake, na nyuso zao zilikuwa zinatabasamu. Alijiambia hawajafika. Baadaye alijiambia wanasoma polepole, wanaonja. Wengine walikuja kumshika mkono, wakamwambia kitabu chake kimewafariji sana, naye akashukuru, akatazama nyuma yao kama wamebeba kitu kilichokunjwa kwapani. Hawakubeba kitu.

Jirani yake, Bi Kazija, mshonaji wa kofia, alikuwa ameketi kizingitini kwake, kioo kimeegemezwa kwenye kikapu cha nyuzi.

"Shoga, kitabu chako kitamu," alisema bila kuinua macho. "Nimefika harusini."

"Harusi ya nani?"

"Ya Raya, ya nani tena? Kavaa lile gauni la kijani. Si unajua mwenyewe, wewe ndiye uliyeandika."

Sebtuu hakuandika harusi. Hakuandika gauni la kijani.

"Na mtoni je?" aliuliza.

"Mtoni walipita darajani, wakasimama wakapiga picha. Mbona sura imekushuka hivyo?"

Alirudi kwa Farhani akiwa hajui miguu inakanyaga wapi. Farhani alimkalisha, akampa maji, akasubiri anywe. Hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya wangekuwa rahisi, mtu angewatukana akaondoka.

"Wingu linamtazama msomaji," alisema. "Anapolisoma, nalo linamsoma. Jicho likikawia mahali, linajua. Pumzi ikibana, linajua. Likiona anataka kukifunga kitabu, linageuza njia."

"Njia ya nani?"

"Ya hadithi. Kila mtu ana yake sasa. Watu hufunga kitabu penye kifo, Bi Sebtuu. Zamani walifunga wakaenda kutandika mkeka, wakirudi wanaendelea. Siku hizi wakifunga hawarudi. Basi huko juu hafi mtu."

"Na mimi niliyeandika?"

"Jina lako lipo pale pale. Hilo halijaguswa." Aliyasema kwa upole, na baada ya kuyasema akayasikia, akatazama pembeni. "Mimi nami niliitafuta riwaya moja niliyoipenda ujanani. Nikaikuta inanipenda zaidi ya nilivyoipenda. Nilishindwa kuimaliza."

 Kisha Farhani akasema kwamba kama Wingu linampa kila mtu anachokitaka, basi huenda yupo, mahali fulani mjini, mtu anayetaka kulia. Kwa mtu huyo Raya atakuwa amekufa. Alisema labda. Sebtuu alilichukua lile labda akatoka nalo.

Na hapa ndipo ilipo safari yake, kama ni safari, kwa kuwa alasiri ilikuwa ile ile na mitaa ilikuwa ikimpa kona alizokwisha kuzikata. Alibisha hodi nyumba hadi nyumba. Kila mlango ulifunguliwa na mtu mwenye kioo, na kila kioo kilikuwa na Raya. Kwa mwalimu wa hesabu, Raya alikuwa msichana mwerevu aliyehesabu nyota akazimaliza. Kwa mama aliyekosa watoto, alikuwa amezaa mapacha na kumwachia mmoja msomaji amlee. Kwa mfanyabiashara wa mbao alikuwa na maduka. Katika nyumba moja alikuwa mnene na mchangamfu, katika ya pili mwembamba na mwenye siri, na Sebtuu alipotazama vizuri aliona kwamba kila Raya alikuwa na pua ya mwenye nyumba. Watu walifunguka kwake, wakamsimulia kwa mapenzi makubwa kabisa habari za mdogo wake ambaye hawakumjua. Alisikiliza kwa adabu. Mwisho aliuliza swali lake lile, na wakamshangaa. Afe? Kwa nini afe, kamkosea nani?

Alipita penye baraza walipokuwa wameketi wanawake wawili, vioo vyao magotini. Mmoja alisema jambo kuhusu kitabu, mwenzake akasema sivyo ilivyo. Wa kwanza akasema ndivyo, amesoma mwenyewe. Wa pili akasema naye kasoma mwenyewe. Wakatazamana, kila mmoja akimdhania mwenzake mwongo, kisha kila mmoja akageukia kioo chake, ambako hakuna aliyembishia. Wakanyamaza. Baraza zote za mji zilikuwa hivyo, zimejaa watu, na ukimya wake ulikuwa wa nyumba iliyohamwa. Sebtuu alisimama pale muda, akatafakari. Je, kitabu ni kile kilichoandikwa, au ni kile ambacho watu wawili wanaweza kugombania? Kama ni hicho cha pili, basi mji huu wenye vitabu vingi kuliko nafaka haukuwa hata na kimoja. Na aliyekuwa peke yake mle hakuwa Sebtuu tu. Kila mmoja alikuwa peke yake na kitabu kilichomkubalia kila neno, na mtu anayekubaliwa kila neno ana tofauti gani na anayezungumza na ukuta?

Katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa mwisho aliishi mjane mwanamume aitwaye Msellem. Aliufungua mlango machozi yakimtiririka, kioo kimemng'ang'ania kiganjani. Moyo wa Sebtuu uliruka.

"Unasoma habari za Raya," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Amefika mtoni?"

"Amefika."

"Amekufa?"

"Amerudi," Msellem alisema, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Kaondoka mtoni karudi nyumbani, na mumewe kamwona kwa mbali. Ndiyo maana nalia. Ingia ndani, Raya. Ingia, mbona umesimama mlangoni?"

Hakuwa wa kwanza kumwita hivyo. Huko nyuma walikuwa wamekwisha kumwita Raya mara nyingi, kwa kuchanganya, na mara mbili tatu aliitika. Safari hii alichelewa kukataa. Alikuwa na mguu mmoja ndani. Ilikuwa ni nyumba yenye kivuli, na mtu aliyefurahi kumwona. Aliondoa mguu kwa shida, hilo niliseme wazi, kwa kuwa si kila siku mtu mpweke hualikwa mahali, hata kwa jina la mwingine.

Akatembea, akijisemea moyoni. Mimi ni nani, basi. Dada wa aliyechelewa. Mwandishi wa kitabu ambacho hakipo. Waliniambia mwili, nikawaletea maneno. Maneno nayo yamekwenda na maji. Kuna mto chini na mto juu, na mimi katikati nimeshika viatu. Kama hakuna anayekumbuka kwamba ulikufa, je, uliishi? Kama kila mtu anakukumbuka ulivyomfaa, je, ni wewe? Raya, umekuwa wengi sana. Nikikuita mtaani watageuka wote, na hutakuwemo.

Kioo chake mwenyewe alikuwa nacho mfukoni tangu mwanzo. Alikuwa amekiheshimu, au alikuwa amekiogopa, na katika mji ule mambo hayo mawili hufanana. Alikaa kwenye ngazi za nyumba yake, akavunja adabu, akakifungua kitabu chake.

Kilimpokea vizuri. Kurasa za mwanzo zilikuwa zake, neno kwa neno, na alianza kutulia. Kisha kukawa na mvua, na mto ukapanda. Akashusha pumzi. Katika kioo, wasichana wawili walitoka kwenda kutazama maji, mkubwa na mdogo, na mmoja wao aliteleza. Sebtuu alisoma sentensi ile mara ya pili. Aliyeteleza alikuwa mkubwa. Aliyechukuliwa na mto aliitwa Sebtuu.

Wingu lilikuwa limemsoma. Lilikuwa limepenya mpaka pale ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukaribia na kuona kile alichokuwa akikitaka chini ya vyote alivyosema anavitaka, likampa. Raya alibaki. Raya alikua, mvi zikamwingia, na Raya akaenda nyumba hadi nyumba kuuomba mji umlilie dada yake asiye na mwili. Na mji wa kiooni, jamani, ulikuwa na huruma. Sheria wakaitupa. Mikeka ikatoka, mmoja, kumi, mtaa mzima, mtaa wa pili, kahawa ikachemka, na watu wakamlilia Sebtuu kilio ambacho hajapata kukisikia.  Ilikuwa tamu. Hakuna haja ya kuficha, ilikuwa tamu kupita chochote, na kama angeachwa angesoma mpaka akaishia humo.

Kisha Raya wa kiooni akasimama katikati ya mikeka akanena juu ya marehemu. Alisema: dada yangu alikuwa mpole, hakuwahi kunigombeza hata siku moja.

Sebtuu alicheka. Kilimtoka tu kicheko kikavu, na kuku waliokuwa wakidonoa chini ya ngazi wakatawanyika. Hata siku moja? Alikuwa akimgombeza kabla ya chai na baada ya chai. Walikuwa wakigombana kwa kitana, kwa mto wa kulalia, kwa zamu ya kuosha vyombo, kwa nani kamtazama nani. Basi watu wote wale kwenye mikeka walikuwa wanamlilia nani? Walikuwa wanamlilia mwanamke mwema sana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Yeye mwenyewe, Sebtuu mgomvi, hakuwa na hata mtu mmoja.

Na hapo, akiwa bado na kicheko mdomoni, likamfikia lile la pili, na hilo halikumchekesha. Sauti laini ile aliyompa Raya kitabuni. Paka. Vikongwe. Mchumba mpole. Raya hakuwa na mchumba, na paka alikuwa akiwatupia kandambili. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa mkono wake, kwenye karatasi halali, kabla ya Wingu kujua hata jina lake, alikuwa amemgeuza mdogo wake ili apendeze kwa watu. Alimwondoa kidogo kidogo, akaweka mwingine, kisha akamzamisha huyo mwingine na kudai machozi. Wingu lilipokea kazi iliyokwisha kuanzwa. Hata kama mikeka ingejaa mpaka sokoni, isingekuwa ya Raya.

Alikaa. Kioo kilipoona amekawia, kilianza kumtafutia njia nyingine. Maneno yakasogea, mvua ikarudi nyuma, wasichana wawili wakawa wamekaa jikoni wakicheka, wala hakuna aliyewahi kwenda mtoni. Kilikuwa kinajitahidi. Alikionea huruma kidogo, kisha akakilaza kifudifudi kwenye ngazi, akaingia ndani.

Mkeka ulikuwa nyuma ya kabati. Ulikuwa umekaa umekunjwa muda mrefu hata ulipotandikwa ulitaka kujikunja tena, ikabidi auwekee mawe pembeni. Aliutandika kizingitini, mchana kweupe, bila mwili na bila kitabu, jambo ambalo mji ule haukupata kuliona. Akavua viatu. Akaketi katikati, na mikono hakujua aiweke wapi.

Watu walipita. Wengine walimkwepa wakidhani kuna kitabu kipya ambacho hawajakifikia. Wengine hawakumwona, walikuwa wameinamia viganja. Alikaa pale kwa muda ambao katika mji wenye siku ungeitwa siku, na hakuna aliyesimama. Upweke huo haukuwa mpya kwake, ila safari hii alikuwa ameutandikia mkeka mbele za watu.

Bi Kazija alitoka kumwaga maji, akamwona, akasimama na beseni mikononi.

"Bi Sebtuu. Nani kafa?"

"Mdogo wangu," alisema Sebtuu. "Raya."

"Raya yupo, mwenzangu. Nimemsoma sasa hivi. Kapata mtoto wa kike."

"Si huyo. Raya wa kwetu."

Kazija alimtazama. Katika miaka yote waliyopakana kuta hakuwa amewahi kusikia kwamba kulikuwa na Raya wa kwao.

"Mwili mmeupata?"

"Hatukuupata. Hatutaupata."

Sheria ilisimama baina yao, na Kazija, aliyekuwa mtu wa kufuata desturi mpaka kwenye namna ya kukunja leso, aligeuka kuangalia huku na huku mtaani. Nyuma yake, ndani ya kikapu cha nyuzi, kioo chake kilikuwa kinawaka, kinamwita arudi kwa yule mtoto mchanga. Aliweka beseni chini. Hakuvua viatu. Alichutama tu pembeni, nje ya mkeka, kama mtu ambaye bado hajaamua, na akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza Sebtuu, si mama, si Farhani, wala mmoja kati ya wasomaji wake wote.

"Alikuwaje?"

Sebtuu alifungua mdomo, na maneno ya kitabuni yakamjia yote kwa mpigo, yamejipanga, mazuri. Akayaacha yapite.

"Mkorofi," alisema. "Alikuwa akitafuna kucha, akizitema ndani ya viatu vyangu. Makusudi. Mimi nilikuwa simpendi kila siku, Bi Kazija. Siku nyingine nilikuwa simpendi kabisa."

 Kazija alivua kiatu kimoja, akakivua cha pili, akasogea juu ya mkeka mpaka goti lake likagusa la Sebtuu, na Sebtuu akaanza kulia.